Meza Ukishafuturu

Ramadhani 1

Mwezi umeandama na mvua imeandama nao. Tangu alfajiri mabati ya Rwezamenyo yote yanapiga kelele. Meza yangu ya kukatia imejaa vitambaa vya Idi, na kila mwenye kitambaa anataka chake kiwe cha kwanza. Watu hufunga, cherehani haifungi.

Kuandika kidogo kila Ramadhani ni desturi niliyoiokota kwa marehemu mama. Baba yake alikuja huku na biashara kutoka Pangani, akatuachia vitu viwili: Kiswahili kilichonyooka na kiburi cha kukijua. Mama aliniachia cha tatu, usomo. Hakuna bibi harusi wa mtaa huu aliyeingia chumbani kwa mumewe bila kukaa kwanza mkekani kwangu, nikamfunda. Mimi ndiye Nyiraneza somo, Nyiraneza fundi. Huku kwetu shangazi, tunayemwita masenge, naye ndiye mfunzi wa watoto wa kaka yake, kwa hiyo kwa Shami mimi ni somo mara mbili.

Shami ni binti wa kaka yangu Usumani wa Rusizi. Anaishi nami, anakata tiketi za mabasi Nyabugogo, na Septemba anaingia chuo kikuu Huye, wa kwanza katika ukoo wetu. Usumani alinikabidhi mbele ya watu. "Dada, huyu ni wako. Akiharibikiwa, chuo basi, namwoza kwa huyohuyo aliyemharibu." Nikasema mbele ya walewale, "Mkononi mwangu hakiharibiki kitu."

Ramadhani 3

Mvua. Umeme ulikatika, nikashona kwa mguu.

Ramadhani 6

Yule kijana Kenny anayeuza makava ya simu amemsindikiza tena Shami hadi kona. Amelelewa Kampala, kila mwanamke humwita "Mama", hata mimi ambaye sijamzaa wala sijapanga kumzaa. Nikamwambia Shami, "Mchumba anayeuza makava, jihadhari usije ukafunikwa." Akacheka hadi akashika ukuta. Mtoto huyu akicheka nyumba nzima inapata nafuu.

Ramadhani 10, Jumamosi

Leo nina mengi.

Asubuhi tulikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tunazibua mfereji ulioziba kwa mvua. Shami alizoa tope bila kusema neno. Nikadhani ni njaa. Tulipoachiwa nikarudi kazini, nikamkuta mke wa imamu amekwisha kaa kwenye kiti cha wateja, anasubiri kuchagua lesi ya gauni lake. Mke wa imamu hachagui lesi kwa haraka.

Saa sita hivi Shami akaingia. Akanivuta nyuma ya pazia la kupimia nguo, akanong'ona, "Masenge, nisamehe. Juzi usiku nilikuwa na Kenny. Kondomu ilipasuka."

Sikupiga kelele. Najivunia hilo, na ndilo pekee ninalojivunia leo.

Akafungua kiganja. Palikuwa na kidonge kimoja ndani ya karatasi yake. "Nimetoka kwa farumasi ya Gaudiose kule Nyakabanda. Amesema iko dawa ya haraka, ya kuzuia mimba. Nikikunywa mapema ndiyo iko na nguvu. Nimeogopa kukunywa peke yangu. Uko na maji?"

Maji yalikuwepo. Jagi lilikuwa mezani, la kunyunyizia nguo kabla ya pasi. Lakini nikamwambia, "Mchana wa Ramadhani? Umeshamkosea Mungu mara moja, usimkosee mara mbili. Meza ukishafuturu."

Akasema, "Lakini Gaudiose amesema—"

"Gaudiose ni Mkatoliki, atajua nini habari ya swaumu? Meza ukishafuturu."

Akakifunga kiganja. Akakaa kwenye benchi karibu na mlango akitazama mvua, na mimi nikarudi kwenye lesi.

Magharibi alimeza kwa maji ya kwanza na tende. Kisha, kwa kuwa nilimhurumia, nikamjazia sahani: sambusa, ndizi za nazi, uji wa pilipili manga. "Kula, utapata nguvu." Akala kunifurahisha. Kabla sijamaliza kuosha vyombo nikamsikia uani anatapika. Alitapika kila kitu.

Akanishika mkono. "Masenge, nimeitapika? Nirudi kwa Gaudiose?"

Nikasema, "Imeshaingia mwilini. Dawa haingoji tumboni kama mgeni. Ukirudia ya pili utajiharibu kizazi, nimeona wengi."

Sijaona hata mmoja. Lakini nilisema kwa sauti ileile ninayowafundia maharusi, na Shami akaniamini.

Ramadhani 11

Shami amefunga.

Ramadhani 12

Amechelewa kurudi, anasema kazini kulikuwa na msongamano. Alitembea polepole, mkono chini ya kitovu. Nikamwambia, "Unaona? Hiyo ni dawa inafanya kazi." Akanitazama kwa muda, akaitika, "Yego, Masenge." Akaenda kulala bila futari ya pili.

Ramadhani 13

Nimekata kanzu nne. Shami amefunga.

Ramadhani 15

Shami amefunga. Nimeanza kuiandika sentensi hii kila siku, na sababu naijua. Mwanamke akipata siku zake hafungi wala hasali. Ndani ya nyumba yenye wanawake wawili hakuna haja ya kuulizana: siku utakayomwona mwenzio anakunywa maji mchana, umejua. Nangoja siku hiyo. Hesabu yangu inasema iko karibu.

Ramadhani 17

Nimekwenda kwa Gaudiose. Nilijidai ninauliza kwa niaba ya biharusi mmoja ninayemfunda, maana somo hawezi kuonekana hajui.

Gaudiose ni mama mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa peke yake, mvua imewafukuza wateja.

"Mwanamke akimeza ile dawa ya haraka kisha akatapika," nikasema, "si imeshaingia?"

"Ametapika kisha ya muda gani?"

"Muda wa kuosha vyombo."

"Eh, Mana we! Hiyo haiko ndani. Akitapika mbele ya masaa mbili zimalizike, anarudia palepale. Anakuja hapa, ninamupa ingine."

"Haiharibu kizazi?"

Akacheka, lakini si kwa dharau. "Nani amekudanganya, mama? Inachelewesha yai, basi. Haiharibu kitu. Na kama mimba iko tayari, haiitoi. Ni kukunywa mapema tu. Siku ya kwanza ni muzuri kupita ya pili, ya pili kupita ya tatu. Na siku zikisonga, kungali kitanzi. Mbele ya siku tano zimalizike anaenda kwa kituo cha afya, wanamuwekea. Hiyo kitanzi ndiyo iko na nguvu kupita dawa yote. Hawaulizi kama ameolewa."

"Na ikiwa ni zaidi ya siku tano?"

"Basi anangoja. Wiki tatu zikipita, anapima."

Nilishika kaunta. Gaudiose akavaa miwani, akanitazama sana. Nadhani alitaka kusema kitu, kisha akakimeza. Akasema tu, "Nenda nyumbani, mama. Mvua inakuja tena."

Nilirudi nikilowa na mwavuli mkononi.

Ramadhani 18

Amefunga.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa kwingine sijausema. Nimejiambia siku zote hizi kwamba nilimzuia Shami kwa ajili ya dini. Uongo. Mgonjwa anaruhusiwa kula na kulipa baadaye, msafiri anaruhusiwa, nalijua hilo tangu chuoni nikiwa na meno ya utoto. Kuhusu mwenye shida kama ile ningeweza kumwuliza hata imamu kwa simu, bila kutaja jina. Sikumnyima maji kwa ajili ya Mungu. Nilimnyima kwa sababu mke wa imamu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye jagi, na angemwona binti wa nyumba yangu akinywa maji mchana, na angeuliza ni nini alichomeza.

Nililinda jina langu. Mtoto niliyekabidhiwa mbele ya watu nilimweka benchini.

Ramadhani 20

Mvua tangu alfajiri. Shami anasema amefunga.

Ramadhani 21

Shami haji tarawehe. Wiki iliyopita alikuwa wa kwanza kuvaa shungi, sasa anasema amechoka. Akirudi kazini analala kifudifudi. Nimezaa watoto wawili na kufunda mamia, naijua dalili hii.

Ramadhani 22

Leo nimefanya jambo la aibu. Shami alipokwenda kazini nikafungua kabati lake, nikatafuta pakiti ya pedi. Ilikuwepo, imefungwa kama ilivyotoka dukani. Nikairudisha kama nilivyoikuta. Nikakaa kitandani kwake nikalia, mimi ninayewaambia maharusi kwamba machozi huharibu mshono.

Usumani amepiga simu jioni. "Mtoto hajambo?" Nikasema, "Hajambo, yuko kwenye mfungo." Akafurahi. "Nimeanza kutafuta pesa za kitanda cha bweni la Huye," akasema. Nikashindwa kula futari.

Ramadhani 24

Amefunga. Nilipika nyama ya kitunguu, akafungua dirisha. Sitapika tena kitunguu.

Ramadhani 25

Nilijaribu kuzungumza naye kabla ya daku. Nikasema, "Shami, nilikwenda kwa Gaudiose. Nilikosea. Uliniuliza urudi, nikakuzuia. Tutanunua kipimo. Lolote litakalotokea mimi nitasimama mbele ya baba yako, nitamwambia kosa ni langu."

Nilitegemea alie. Au anitukane, ningepokea. Akaendelea kumenya yai.

"Umeenda kwa Gaudiose lini?"

"Tarehe kumi na saba."

"Ile siku nilikuuliza haikuwa kumi na saba," akasema. "Sasa iache, Masenge. Chai inapoa."

Akala daku lake lote, akanawa mikono. Amefunga.

Ramadhani 27

Msikiti umejaa hadi barabarani, kila mtu anaomba lake. Mimi sikujua niombe nini. Kuomba mimba isiwepo ni kumwomba Mungu anisafishie uchafu wangu. Nikaomba tu Shami acheke. Mke wa imamu alinishika bega, akasema, "Mashaallah, somo, umelia sana usiku huu. Una imani." Nilitamani ardhi ipasuke.

Ramadhani 29

Nimemaliza gauni la Shami la Idi, la rangi ya zambarau, alichagua mwenyewe kitambaa mwezi wa Rajabu. Nimefanya kitu ambacho fundi hufanya kwa nguo za watoto wanaokua: nimeacha kitambaa kingi ndani ya mishono ya ubavuni, ili mtu akitaka kupanua kiuno aifumue bila kutafuta kitambaa kipya. Kwa nje haionekani. Nilipokuwa napiga pasi nilijiambia ninamsaidia. Angalau hatakosa nguo.

Mfungo Mosi 1, Idi

Idi njema kwa wenye nayo.

Tulirudi kutoka kuswali, mvua imetupa nafasi. Shami akaenda kuvaa gauni. Akakawia. Nikaingia nikamkuta amesimama na shimizi, gauni limegeuzwa ndani nje kitandani, anapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni. Ameishi na fundi miaka mitatu, anajua mshono wa kawaida una upana gani.

"Masenge, hii nguo umemushonea nani?"

Nikanyoosha mkono kulichukua gauni.

Akachukua mkasi wangu mkubwa, ambao haruhusiwi kuugusa mtu yeyote, akakata kitambaa cha ziada upande huu na upande ule, polepole, bila kupindisha. Akaviweka vile vipande viwili juu ya mto wangu. Kisha akalivaa gauni, likamkaa sawasawa, akatoka kwenda kusalimia majirani. Mimi nilibaki nimeshika vipande, sijui kama nimefarijika au nimehukumiwa.

Mfungo Mosi 2

Leo asubuhi nimemwekea chai na maandazi ya Idi. Hakugusa.

"Unaumwa?"

"Nimefunga."

"Sita za Shawali? Mbona mapema, pumzika kwanza."

"Siyo sita ya sunna, Masenge. Ninalipa. Nilikula siku sita."

Nilikaa chini palepale, kwenye kapu la vitambaa. Mwanamke halipi siku sita kwa bahati mbaya. Nikauliza lini.

"Tangu tarehe makumi mbili." Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakakaribiana kama tunavyokaa na maharusi, ila safari hii anayefundwa ni mimi. "Ile Jumapili, kesho yake ya kutapika, nilirudi kwa Gaudiose. Akaniambia dawa haikubaki, na masaa imeenda. Akaniambia kungali kitanzi. Jumatatu nikaomba ruhusa kwa kazi, nikaenda kituo cha afya. Wakapima, wakaniwekea. Iliuma kidogo. Ile siku umeniona natembea na mkono kwa tumbo."

"Na nikakwambia ni dawa inafanya kazi."

"Yego."

"Mbona ulinificha, mwanangu? Mwezi mzima nimekufa kila siku. Ulikuwa ukila daku na mimi, unakaa futari na mimi..."

"Nilikuwa ninakula mchana kule Nyabugogo, chapati na chai, nyuma ya ofisi. Pedi nilinunua kulekule. Ile ya kabati niliiacha. Nilijua utaitafuta." Hakusema kwa ukali, na ingekuwa afadhali angekuwa mkali. "Masenge, ile siku nilikaa kwa benchi yako tangu saa sita mpaka magharibi. Kidonge iko kwa mkono, jagi iko kwa meza. Nilikuwa ninaona maji. Na wewe unamwonyesha mke wa imamu lesi, hii ya maua, hii ya nyota. Ulikuwa unacheka naye."

Akakisogeza kando kikombe cha chai.

"Nilitaka na wewe ungoje."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, sikupunguza hata moja.

Mfungo Mosi 3

Mvua. Shami analipa siku ya pili. Nimefunga naye, ingawa sina deni. Hakusema nifunge wala nisifunge.

Mfungo Mosi 5

Sote wawili tumefunga. Amenikatia mkate wakati wa kufuturu bila kuniuliza kipande kipi. Kidogo tu, lakini nimeandika.

Mfungo Mosi 7

Leo Shami amemaliza deni lake, nami nimefunga naye.

Mchana alikuja mke wa imamu na binti wa dada yake, anayeitwa Umutoni, anaolewa mwezi ujao. Wamekuja nimfunde. Msichana ana macho ya sungura, anashika ncha za shungi lake. Tukaketi mkekani. Kwa kawaida naanza na usafi, kisha heshima, kisha jinsi ya kumpokea mume. Nilifungua mdomo na haikutoka hata moja katika hizo.

Nikasema, "Mwanangu, nitakufundisha ninayoyajua. Nisiyoyajua nitakwambia siyajui, na tutakwenda pamoja kwa anayejua. Kuna mama anaitwa Gaudiose, Nyakabanda. Siku ukitaka kupanga uzazi, au mpango ukiharibika, unakwenda kwake siku hiyohiyo. Hungoji."

Mke wa imamu akakohoa. "Somo, hayo nayo yamo kwenye mafunzo?"

Nikasema, "Yamo. Nilikuwa nimeyaruka."

Akanitazama, kisha akamtazama yule binti, kisha kwa mshangao wangu akasogea karibu. "Basi sema kwa sauti," akasema, "nami nisikie."

Shami alikuwa kwenye cherehani, anashona pindo, ametupa mgongo. Wageni walipoondoka hakugeuka. Akauliza tu, uzi ukiwa mdomoni, "Na msichana akikugongea mchana wa Ramadhani? Kidonge iko kwa mkono, na hapa kwa kiti amekaa mtu mkubwa?"

"Nitampa maji."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Nitamchotea mwenyewe, na nitasimama naye hadi ameze."

Mguu wake ukakanyaga cherehani, sindano ikaanza kwenda. Jua lilipozama akainuka, akalichukua jagi la mezani, akamimina gilasi moja, akaniletea mimi kwanza.

Nilikunywa yote.